Je, Wajua kwa Nini Uswidi Ilikipa Kizinda Jina Jipya?

Mwaka 2009 chama cha elimu ya ujinsia cha Uswidi, RFSU, kilichapisha kijitabu chembamba ambacho ndani yake neno lililozoeleka la kizinda liliachwa na jingine kuwekwa mahali pake. Neno la zamani, mödomshinna, maana yake ni utando wa ubikira. Neno jipya, slidkrans, maana yake ni shada la uke. Mwaka huohuo Baraza la Lugha la nchi hiyo lililiingiza katika orodha yake ya maneno mapya. Chama hicho kilijisumbua na jina la kiungo kidogo kiasi hicho kwa sababu jina la zamani lilikuwa likieleza kitu ambacho hakipo.

Kitu hicho mimi mwenyewe nilikiamini kwa miaka mingi. Nilikulia Mji wa Kale hapa Mombasa, na darasani tulichorewa mstari uliokatiza njia ya uke kutoka upande hadi upande, tukaambiwa kwamba huo ni utando, kwamba siku ya kwanza hupasuka, na kwamba ukipasuka damu hutoka. Nikaufikiria kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Nyumbani nako wazee walisimulia habari za kisarawanda, kile kitambaa cheupe kilichokuwa kikitandikwa usiku wa kwanza wa ndoa ili asubuhi kitolewe kionekane. Mchoro wa ubaoni na kitambaa cha chumbani vikathibitishana akilini mwangu, wala sikuona sababu ya kuuliza zaidi.

Sababu ya kuuliza ilikuwamo katika Kiswahili chenyewe. Msichana huvunja ungo, yaani hupata hedhi yake ya kwanza, akiwa bado mwali ambaye hajaolewa, na tangu hapo damu humtoka kila mwezi. Iwapo njia imezibwa na utando mzima, damu hiyo hupita wapi? Hupita pale ambapo imekuwa ikipita siku zote, kwa kuwa njia haijazibwa. Ni kweli kwamba kwa nadra sana msichana huzaliwa na kizinda kilichoziba kabisa, lakini hiyo ni hali ya kitabibu: akishabaleghe, damu hukusanyika ndani, tumbo humuuma mwezi baada ya mwezi bila hedhi kuonekana, na daktari hulazimika kumfanyia upasuaji mdogo ili kuifungua njia. Kile ambacho mwalimu alituchorea kama maumbile ya kila msichana ni maradhi ya wachache mno.

Kizinda ni mkunjo wa nyama laini unaouzunguka mlango wa uke. Kwa wengine umekaa kama pete, kwa wengine kama mwezi mwandamo, na kwa baadhi una kingo zilizochanikachanika tangu kuzaliwa. Tofauti hizi ni za kawaida kama tofauti za masikio, na kwa sababu hiyo mtu hawezi kutazama ukingo wenye upenyo na kusema kwa yakini kwamba kuna mtu aliyepita hapo.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni namna nyama hiyo inavyovutika. Mwenye kuzoea jikoni atalielewa upesi. Unga wa chapati uliokandwa sasa hivi ukiuvuta hukatika, kwa kuwa bado umekaza. Unga huohuo ukitiwa mafuta, ukafunikwa na kuachwa utulie, huvutika hadi ukawa mwembamba bila kukatika. Kizinda cha mtoto mdogo ni kama unga wa kwanza, chembamba na chepesi kuumia. Msichana anapobaleghe, homoni ya estrojeni hukifanya kinenepe, kiwe na unyevu na kijikunje, kama unga wa pili. Kwa hiyo kwa mwanamke aliyekomaa kinaweza kutanuka bila kuchanika. Pengine huchanika kidogo, na mishipa yake ya damu ni michache, kwa hiyo damu huwa matone tu au isionekane kabisa. Damu nyingi ya usiku wa kwanza, inapotokea, mara nyingi hutokana na pupa, ukavu, hofu au nguvu, mambo ambayo hayashuhudii lolote kuhusu mwenendo wa bibi harusi na yanaeleza mengi kuhusu namna alivyotendewa.

Na panapochanika hupona upesi, kama shavu uliloling'ata kwa ndani wakati wa kula. Mwaka 2004 jarida la Pediatrics lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa wasichana 36 wajawazito, ambao hapakuwa na shaka juu ya yaliyowapata, na 2 tu kati yao ndio waliokutwa na alama za uhakika za kuingiliwa. Mwaka 1998 daktari mmoja aliandika katika BMJ, jarida la madaktari la Uingereza, kwamba aliwauliza wenzake 41, na asilimia 63 wakasema kwamba hawakutoka damu mara ya kwanza. Idadi hizi ni ndogo, na ile ya pili haikuwa hata utafiti rasmi, kwa hiyo asilimia hiyo isichukuliwe kuwa kanuni ya wanawake wote. Hata hivyo wasichana wale 36 wanatosha kuonyesha hatari iliyopo: msichana aliyebakwa anaweza kupimwa, asionekane na alama, na watu wakamwita mwongo.

Hakuna katika haya kinachoupunguzia ubikira heshima yake kwa wanaouthamini. Ubikira ni suala la mwenendo na imani, na mafakihi wa Kihanafi, moja ya madhehebu ya sheria ya Kiislamu, waliandika zamani kwamba msichana aliyepoteza kizinda kwa kuruka au kwa hedhi bado ana hukumu ya bikira.

Maarifa haya yaliwafikia wanawake wengi kupitia vijitabu vya bei rahisi. Kundi la wanawake wa Boston lilichapisha chake, kuhusu miili ya wanawake, mwaka 1970 kwa senti 75 za Marekani, kikapitishwa mkono kwa mkono, na mwaka 1973 mchapishaji mkubwa akakitoa kwa jina la Our Bodies, Ourselves. Kile cha RFSU kilifasiriwa pia kwa Kiarabu na Kikurdi. Mwezi Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, yakieleza kwamba hauna msingi wowote wa kitabibu.

Nilimweleza haya shangazi yangu, ambaye amekuwa somo wa mabibi harusi wengi mtaani kwetu, na nikamuuliza ni neno gani la Kiswahili lingefaa mahali pa utando. Alikuwa amekaa mkekani akikunga leso mpya, sindano mkononi. Alinyamaza kitambo, kisha akauinua ukingo aliokuwa ameukunja kwa vidole viwili, akanionyesha.

"Pindo," akasema. "Si liko pembeni, mwanangu? Na leso iko wazi."

Akaendelea kushona.