Robota la Mkonge Linaitwaje kwenye Kompyuta ya Forodha?

Mkonge wa Tanga hufungwa kwa robota. Mpakizi anaita robota, dereva wa lori anaita robota, na hapana anayeuliza maana yake. Kompyuta ya forodha hailijui neno hilo. Inafuata viwango vya data, yaani makubaliano ya jinsi ya kuandika taarifa, na inataka herufi mbili, BL, ambazo katika orodha ya vifungashio ya Umoja wa Mataifa ni robota lililoshindiliwa; lisiloshindiliwa ni BN. Uzito nao ni KGM, si "kg" wala "kilo". Mawakala wetu wa forodha watacheka hapa, kwa kuwa BL midomoni mwao ni hati ya shehena. Ndiyo sababu herufi husomwa kulingana na kisanduku cha fomu zilimowekwa.

Mkonge wenyewe unaingia kwenye namba inayoanza na 5305 katika HS, mfumo wa kuainisha bidhaa ambao Shirika la Forodha Duniani linausimamia tangu 1988. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila unakotumika. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza mbili, zikawa nane.

Sasa twende Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Upande wetu mfumo wa forodha ni TANCIS, wenzetu wa Lunga Lunga wana wao, na hakuna anayeombwa kuutupa wake. Mwaka 1930 kamati ya lugha ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, lakini mvuvi wa Mtang'ata hakuacha lahaja yake nyumbani. Alipata tu lugha ya kuandikiana na mtu wa Mvita au Unguja. Viwango vya data vinafanya kazi hiyohiyo: vinataja taarifa gani ipelekwe, iitweje na ikae wapi ndani ya ujumbe. Kila mfumo ukitafsiri mara moja kwenda kwenye usanifu huo, hauhitaji mkalimani mpya kwa kila jirani.

Kinachotuponza zaidi, kwa maoni yangu, ni saa. Mtu anaandika lori litafika "03/04, saa 4". Ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Na saa 4 yetu ya asubuhi ni 10:00 kwa kompyuta. Binadamu angepiga simu kuuliza. Mashine inapokea ilichopewa na kukipeleka mbele. Kiwango cha ISO 8601 kinaanza na mwaka: 2025-04-03T10:00+03:00, ile +03:00 ikiwa ni saa za Afrika Mashariki.

Kontena lina kinga yake: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya kuhakiki inayokokotolewa kutokana na zile kumi. Ukikosea moja, kwa kawaida hesabu inakataa. Kwenye saa hakuna kinga kama hiyo. Kwa hiyo unapompa wakala taarifa za kadhia yako, yaani tamko la mzigo kwa forodha, mwandikie mwezi kwa jina, na useme kama saa ni ya Kiswahili.