"Hii ni 4GB, inapiga kila gemu": uongo na ukweli kuhusu kadi za grafiki za bei nafuu Arusha

Vijana wengi wa Arusha wanaocheza gemu kwenye kompyuta wanaanzia sehemu moja: Dell OptiPlex au HP ya mtumba, iliyostaafu ofisini huko Ulaya au Dubai, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Mashine hizi ni imara na bei yake inabebeka. Gemu za mpira za PES za zamani zinakwenda bila shida. Balaa linaanza siku mtu anapojichanga akanunue kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu kwenye skrini, kwa sababu maneno atakayoambiwa, kuanzia kaunta za maduka ya mjini hadi vijiwe vya Ngarenaro na Sakina, nusu yake si kweli, na nusu iliyobaki ni kweli kwa kompyuta ya mtu mwingine.

Msimamo wangu nautoa mapema: mwenye hela ndogo afungue kwanza kasha la kompyuta yake asome kilichomo. Kadi itafuata.

"GB nyingi ndiyo kadi kali"

Hii inakula hela za watu kuliko zote. Ukiulizia kadi, jibu la kwanza huwa namba: "Chukua hii kaka, 4GB, GTA inapiga bila wasiwasi." Ukifungua boksi unakuta GT 730 yenye kumbukumbu ya DDR3, aina ya zamani na ya polepole.

GB zinakwambia kadi inahifadhi kiasi gani. Hazikwambii inasoma kwa kasi gani. GT 730 ya DDR3, ile yenye njia ya kumbukumbu ya upana wa biti 64, inapitisha takriban GB 14 kwa sekunde kati ya kumbukumbu na chipu. GTX 1050 Ti inapitisha GB 112. Zote mbili zimeandikwa 4GB, na moja inaizidi nyingine karibu mara nane. Hapo hatujagusa chipu zenyewe: 1050 Ti ina viini vya kuchakata 768, GT 730 ina 384, na yapo matoleo yake yenye 96 tu. Hata GTX 750 Ti ya mwaka 2014, yenye 2GB, inaiacha GT 730 ya 4GB mbali kabisa. Kwa hiyo anayekushauri uiache ile ya 2GB "kwa sababu ni ndogo" anaweza kuwa anakushusha daraja huku unamshukuru.

Iangalie ile herufi X. Kwa kadi za kampuni ya NVIDIA za miaka hiyo, GT ni kadi ya kuwasha monita na kuangalia video. GTX ndiyo ya gemu.

GT 1030 ina mtego wake peke yake. Ilipotoka mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5, GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4, karibu GB 17 kwa sekunde, kwa jina lilelile. Dawa ni programu ya bure inayoitwa GPU-Z: inaonyesha aina ya kumbukumbu, upana wa biti na kasi yake. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako kabla hujatoa hela. Akianza kuzungusha maneno, ondoka.

GB zina kazi yake lakini, pale kadi mbili zinapokuwa na chipu ileile. Kati ya RX 580 (kadi ya kampuni ya AMD) ya 4GB na ya 8GB, chukua ya 8GB, maana gemu nyingi za siku hizi zinajaza 4GB hata kwenye 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), na zikishajaa picha inaanza kukwamakwama.

"Kadi yoyote inaingia, ni kuchomeka tu"

Hapa OptiPlex haina huruma. Kasha likiwa jembamba linataka kadi ya kimo kifupi, yenye bati fupi la nyuma. Kadi ya kawaida haifungi. Wapo wanaoamua kuacha kasha wazi, kadi inachungulia nje, vumbi la mtaa wa Unga Limited linaingia lenyewe bila hodi.

Ukimaliza nafasi, unakuja umeme. Soketi ya PCI Express (PCIe), ile kadi inapochomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), inatoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai: wa pini 6 kwa wati 75 za ziada, au wa pini 8 kwa wati 150. OptiPlex 7010 nyembamba ina pawa saplai ya wati 240, ile ya mnara ina 275, na waya hizo hazimo.

Sasa chukua RX 580, kipenzi cha wanaotafuta bei nzuri. Peke yake inakula wati 185. Prosesa ya i5-3470 ni wati 77. Jumla 262, kabla hujahesabu diski, feni na RAM, kwenye pawa saplai ya 275. Hata ukiipatia waya, itawaka, ndiyo, na Windows utaiona. Ukifungua gemu nzito na kadi ikaanza kuvuta, kompyuta inazima puu, halafu utaambiwa kadi ni mbovu.

Kuhusu waya usiokuwepo, fundi atakuja na suluhisho: adapta inayogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa pini 6. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 upande wa volti 12. Pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Kuvuta kuliko uwezo wake kunaipasha plagi joto, na joto linayeyusha plastiki. Kwenye kompyuta yangu adapta hiyo haiingii, hata ikiwa ya bure.

Kubadilisha pawa saplai nako kuna kona zake. OptiPlex 7010 ya mnara inapokea ile ya kawaida ya pini 24. Za 7020 na 9020 zinatumia plagi kuu ya pini 8, hivyo utahitaji kigeuzi chake. Na ukinunua pawa saplai nyepesi ya bei poa iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa, igeuze ubavu usome jedwali dogo, mstari wa +12V. Zidisha ampea zake kwa 12. Ukikuta 18A, una wati 216 za kulisha kadi na prosesa. Zilizobaki ziko kwenye volti ambazo kadi haizihitaji, au ziko kwenye karatasi tu.

Kwa mashine ya ofisi isiyobadilishwa chochote, mimi ningetafuta kadi ya chini ya wati 75 na nisihangaike. GTX 1650 ya mwaka 2019 ipo katika matoleo yasiyo na pini (yapo yenye pini 6 pia, kwa hiyo iangalie kadi yenyewe, jina halitoshi). RTX 3050 ya 6GB iliyotoka mwaka 2024 ni wati 70. Zote zina matoleo mafupi. Usiichanganye hiyo ya 6GB na RTX 3050 ya 8GB: ile ni wati 130 na inataka waya wake.

"Mpya ya dukani ni salama, mtumba ni ya mining, imeshakufa"

Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki (ndiyo "mining": kadi kupiga hesabu mfululizo ili mwenye nazo alipwe sarafu), na kadi nyingi duniani zikaingia sokoni kama mtumba. Kwamba zilifanya kazi usiku na mchana ni kweli. Kwamba chipu zake zimechoka, hiyo ni hadithi zaidi kuliko uhalisia, kwa sababu wachimbaji wengi walipunguza volti ili kuokoa umeme. Kinachoisha ni feni, pasta ya kupoozea, na pedi zilizo juu ya kumbukumbu. Vitu hivyo vinabadilishika.

Tatizo la kweli liko kwenye BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kadi inayoiongoza. RX 570 na 580 nyingi zilibadilishwa BIOS ili zichimbe haraka, na ukiweka draiva ya kawaida ya AMD (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) inakataa. Kurudisha ya asili kunawezekana, ila hakikisha ni kazi ya muuzaji, si yako. Na ukiletewa kadi inaitwa P106-100, ijue: ni chipu ya GTX 1060 iliyotengenezwa kwa uchimbaji, haina hata tundu la kuchomeka monita.

Sasa hiyo "mpya dukani". Kuna kadi zinazokuja na boksi jipya na nailoni yake, zimeandikwa GTX 1050 Ti, kumbe ndani ni chipu ya zamani sana, kama GTS 450, iliyoandikiwa BIOS ya uongo ili ijitambulishe hivyo. Geuza kadi uangalie matundu ya nyuma. Kizazi cha GTX 10 kiliondoa kabisa mawimbi ya analogi, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA irudishe kaunta bila mjadala. GPU-Z nayo, kuanzia matoleo ya mwaka 2018, inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ikigundua udanganyifu wa namna hiyo.

Ipo pia RX 580 isiyokuwa 580 kamili. AMD wenyewe waliitoa kwa soko la China mwaka 2018 ikiwa na viini 2048, sawa na RX 570, wakati 580 halisi ina 2304. Imeenea kila kona kwa jina la RX 580 2048SP, na wauzaji wengi wanaukata huo mkia wa jina. Si kadi mbaya. Ilipie bei ya 570 tu.

Nashangaa mtu wa Moshi anayekagua shati la mtumba pale soko la Memorial kwa kuligeuza nje ndani, akavuta mshono, akanusa kola, halafu anapokea kadi iliyofika na basi kutoka Kariakoo bila hata kuona imewashwa. Kama huwezi kufika, omba video: kadi imechomekwa, GPU-Z imefunguliwa, pembeni karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako, kisha gemu au programu ya kuitesa kama FurMark inakwenda dakika kumi na tano. Madoa ya rangi, mistari, au skrini kuzima ndani ya muda huo mara nyingi ni dalili ya kadi inayokufa.

"Chukua kubwa kadiri hela inavyofika"

Kwenye monita ya 1366 kwa 768, kadi inachora pikseli kama milioni moja. Kwenye 1920 kwa 1080 inachora milioni mbili. Monita ya Hz 60 haionyeshi zaidi ya fremu (picha) 60 kwa sekunde hata kadi ikitoa 140. Halafu i5-3470 yenye viini vinne inafika mahali haiwezi kuandaa fremu haraka zaidi, na kadi kubwa inabaki inasubiri. Kipimo chake hakina gharama: shusha ubora wa picha hadi chini kabisa kwenye gemu unayoicheza sana. Fremu zisipoongezeka, tatizo lako ni prosesa, na kadi mpya haitalitatua.

"Namba mpya inaishinda ya zamani"

Siyo kila mara. RX 6400 na RX 6500 XT ni za mwaka 2022, ila zimeunganishwa kwa njia nne tu za PCI Express 4.0. Ukizichomeka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye i5 ya kizazi cha tatu au cha nne, njia hizo nne zinapungua kasi kwa nusu, na 4GB zikijaa unaliona pengo. GTX 1650 ya zamani ina njia 16. Kadi za Intel Arc nazo zinavutia kwa bei, lakini zinataka Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo) ili zifanye kazi inavyopaswa, na mazabodi ya OptiPlex hizi haina.

Ila uzee nao una mwisho. NVIDIA walitangaza kuwa GTX 900 na GTX 10, pamoja na 750 Ti na 1050 Ti, zinaacha kupata draiva mpya za gemu baada ya Oktoba 2025. Zinabaki na masasisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Kwa anayecheza GTA V na PES hilo halimgusi. Anayetaka gemu za mwaka huu aanzie GTX 1650 kwenda juu, na ajue baadhi ya gemu mpya, mfano Doom: The Dark Ages ya 2025, hazifunguki kabisa bila kadi yenye uwezo wa ray tracing, yaani kuchora mwanga kwa kufuata miale yake.

"Arusha baridi, kadi haiwezi kuchemka"

Chipu haijui Julai. Nyingi za GTX 10 zinaanza kujipunguza kasi zikifika nyuzi 83, na zinazifikia kutokana na vumbi lililoziba mapezi ya kupoozea. Tena mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari una hewa nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo feni inaondoa joto kidogo kwa mzunguko uleule. Brashi laini kila baada ya miezi michache, kompyuta ikiwa imezimwa.

"Kadi itaifanya kompyuta nzima iwe nyepesi"

Haigusi hilo. Windows ikichukua dakika tatu kuwaka, lawama ni ya diski ya kuzunguka, na SSD ndogo, diski isiyozunguka, italimaliza. Na kabla ya kwenda dukani kuulizia kadi, fungua kasha uhesabu RAM. Ukikuta kijiti kimoja cha 4GB, ongeza cha pili: GTA V ya toleo la awali (Legacy) inakubali 4GB kama kima cha chini kabisa, ila inayopendekezwa ni 8GB.