Bunduki inalia, kioo kinaonyesha mchoro

Mimi ni mhariri wa filamu. Vijana wakija kujifunza kwangu namna ya kukata tukio la mauaji, nawaonyesha kwanza The Tracker ya mkurugenzi Rolf de Heer, iliyotoka 2002.

Ni Australia, mwaka 1922. Wazungu watatu wako juu ya farasi, wanamsaka Mwaborijino, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, anayetuhumiwa kumuua mwanamke wa Kizungu. Mbele yao anatembea mfuata nyayo, naye Mwaborijino, aliyeigizwa na David Gulpilil. Hakuna anayeitwa kwa jina.

Msafara unawakuta wenyeji porini na mauaji yanaanza. Milio ya bunduki tunaisikia, vilio tunavisikia, lakini kwenye kioo cha sinema kuna mchoro wa rangi uliotulia tuli, kazi ya Peter Coad. Wengi wetu tungekata harakaharaka: bunduki, uso, damu, bunduki tena. Mtazamaji angeruka kitini, na baada ya dakika mbili angekuwa amesahau. Hapa jicho halina pa kukimbilia, na sikio linabeba mzigo wote. Wapo wanaosema mkurugenzi ameficha ukatili. Sikubaliani nao hata kidogo. Amekataa kuigeuza miili ya wale watu kuwa tamasha.

Mambo haya hayakubuniwa. Mwaka 1928, huko Coniston, Northern Territory, msafara wa konstebo George Murray uliwaua wenyeji baada ya kifo cha mwindaji wa mbwamwitu wa huko, Fred Brooks. Tume ya serikali ilihesabu maiti 31, ikasema wote waliuawa kihalali. Wazee wa Kiwarlpiri, jamii ya Waaborijino wa eneo hilo, wamesimulia kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hao.

Nyimbo za filamu zinaimbwa na Archie Roach, mwimbaji Mwaborijino ambaye serikali ilimpokonya kwa wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Sauti yake inasema yale ambayo mfuata nyayo anayameza.

Kuna mahali huwa nasimamisha picha. Mkuu wa msafara, kwa kushuku kwamba anapotezwa makusudi, amemfunga mfuata nyayo mnyororo shingoni. Safari inaendelea. Nawaambia vijana wasiutazame mnyororo kwanza, wamtazame Gulpilil: yuko palepale mbele, macho chini, anasoma mawe ambayo wale walio juu ya farasi hawawezi kuyasoma.