Kope lililoshuka: yasemwayo na ukweli wake

"Ataacha akikua." Kauli hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana huambiwa mama ambaye tayari ameona kwamba jicho moja la mwanawe halifunguki sawasawa. Mara nyingi mtoto aliyezaliwa hivyo ana msuli wa kunyanyua kope ambao haukuumbika vizuri, na umri hauurekebishi. Kope likiziba mboni, ubongo huzoea kutolitegemea jicho hilo, na uoni wake hubaki hafifu hata kope likija kunyanyuliwa ukubwani. Uoni hujengeka hasa katika miaka 7 au 8 ya mwanzo, kwa hiyo mtoto apimwe mapema, zaidi akiwa anainua kidevu ili aone. Si wote wanaopasuliwa. Wengine hufuatiliwa kliniki tu.

Wengine humsingizia mama: eti alimcheka mlemavu akiwa mjamzito. Hapana. Tatizo hili lipo kila mahali. Katika wilaya ya Olmsted, Minnesota, Marekani, watafiti walilikuta kwa takriban mtoto 1 katika kila vizazi 842, na karibu wote ni jicho moja tu.

Kwa mtu mzima husemwa, "Uzee huo." Mara nyingi ni kweli: ukano unaoushika msuli kwenye kope hulegea kwa umri, kwa kuvaa lenzi za machoni miaka mingi, au baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Lakini ulizeni limeanza lini. Kope lililo juu asubuhi na kushuka jioni laweza kuwa dalili ya miasthenia, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvuruga mawasiliano ya neva na misuli. Lililoshuka ghafla pamoja na kichwa kuuma, kuona vitu viwiliviwili au mboni moja kupanuka ni la kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo. Huenda mshipa wa damu uliovimba ubongoni unaibana neva.

Kupooza uso ni jambo jingine: hapo jicho hushindwa kufumba.

Na aliyeumwa na fira au koboko akianza kulegea kope zote mbili, asidhaniwe ana usingizi. Sumu imefika kwenye neva, na misuli ya kupumulia yaweza kufuata. Apelekwe hospitali mara moja, bila kupitishwa kwa mganga.