Kabla ya Kutweka Tanga: Usalama wa Mashua za Burudani katika Ghuba ya Winam

Nafundisha watu wazima na vijana kuendesha mashua ndogo za tanga hapa Kisumu, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na kabla ya somo la kwanza huwa nawauliza maswali machache ya usalama. Wengi hujibu vizuri. Wanajua kwamba mashua ikipinduka haifai kuiacha, kwamba jaketi la kuokolea maisha ni la lazima, na kwamba ngurumo zikianza mahali pa mtu ni nchi kavu. Baada ya maswali tunashuka ufukweni, na hapo mara nyingi nawaona watu wale wale wakiingia majini jaketi likiwa halijafungwa, bila kumwambia yeyote saa watakayorudi, na bila kuinua macho kuyatazama mawingu ya upande wa mashariki, kwenye miinuko ya Nandi. Ninaandika juu ya pengo hilo, kwa sababu naamini ndilo linalowaponza wasafiri wa burudani kuliko ukali wa ziwa lenyewe.

Ziwa letu si la kuchezewa. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara yanasema kwamba kila mwaka watu kati ya 3,000 na 5,000, wengi wao wavuvi, hufia katika Ziwa Victoria kwa jumla, ukihesabu Kenya, Uganda na Tanzania. Mvuvi wa omena, yaani dagaa, hutoka usiku hata anapolishuku wingu, kwa maana nyumbani wanangoja chakula na karo ya shule. Anayetoka kwa starehe Jumamosi hana shinikizo hilo, kwa hiyo ajali yake ingeweza kuepukwa kwa urahisi zaidi, ilimradi uamuzi ufanywe mapema.

Marekani, ambako ajali za mashua za burudani huandikwa kwa makini, takwimu za mwaka 2023 zinaonyesha vifo 564. Pale chanzo cha kifo kilipojulikana, asilimia 75 walikufa maji, na kati ya hao waliokufa maji ambao habari za jaketi zilipatikana, asilimia 87 hawakuwa wamelivaa. Aidha, pale ilipojulikana kama nahodha aliwahi kufunzwa usalama au la, asilimia 75 ya vifo vilitokea katika vyombo ambavyo nahodha hakuwa na mafunzo hayo. Takwimu hizo zinajumuisha boti za injini na mitumbwi, tena si za ziwa letu, lakini naziona zinafanana na ninayoyaona hapa: jaketi lilikuwamo chomboni, ila halikuwa mwilini.

Nianze basi na jaketi, maana hapo ndipo uzembe huonekana kwa macho. Mwanafunzi mmoja, mwenye umri wa kunishinda, aliniambia, "Mwalimu, hili linanibana, acha nilifungue kidogo mpaka tufike katikati." Nilimwomba asimame majini mahali ambapo maji yanamfika kifuani, alegeze mikanda kama alivyotaka, kisha akunje magoti ajiachie aelee. Jaketi lilipanda likamfunika masikio, likasimama mbele ya uso wake kama kola, na kidevu chake kikazama ndani yake. Alikuwa anaelea, lakini hakuweza kuona wala kuita. Tulipokaza mikanda na kupitisha ule wa kati ya mapaja, jaketi lilikaa kifuani na uso ukawa juu ya maji. Tangu hapo sijapata kumwambia tena afunge. Kipimo cha haraka ni hiki: mwenzako alishike jaketi lako mabegani alivute juu, na likikufika masikioni, halijafungwa.

Tena majaketi hayalingani. Lililoandikwa Newton 50 (Newton ni kipimo cha nguvu ya kuelea) humsaidia kuelea mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, na linafaa kwa mashua ndogo kwa sababu linaacha mikono huru. Lililoandikwa Newton 100 au 150 limetengenezwa ili kumgeuza hata aliyezimia, uso uelekee juu. Mtu anayekodi boti ya kwenda kutazama machweo kule ufuko wa Dunga, asiyejua kuogelea, apewe hilo la pili, na mtoto apewe la kipimo chake mwenyewe. Nimeona watoto wamevalishwa majaketi ya watu wazima, na ninawasihi wazazi wasikubali, kwa sababu mtoto huteleza akatoka kwa chini na jaketi likabaki linaelea peke yake.

Sasa upepo, ambao ndio somo lenyewe la ghuba hii. Asubuhi maji ya Kisumu huwa shwari, au huwa na upepo mwepesi unaotoka nchi kavu. Jua linapoipasha ardhi, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huingia kujaza nafasi yake. Kwa hiyo kuanzia saa tano hivi upepo wa ziwani huanza kuvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi, na kati ya saa nane na saa kumi huwa na nguvu zaidi. Kisumu iko kwenye ncha ya mashariki ya ghuba, kwa hiyo upepo huo huwa umesafiri juu ya maji kwa makumi ya kilomita kabla ya kutufikia. Ghuba nayo haina kina: wastani wake ni mita chache tu, ilhali wastani wa ziwa kuu ni kama mita 40. Maji machache yakisukumwa hivyo hutoa mawimbi mafupi, ya wima, yanayofuatana bila nafasi, na ndiyo yanayoijaza mashua ndogo kabla nahodha hajapata muda wa kuteka maji na kuyamwaga.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo juu ya tanga huongezeka mara nne. Aliyetoka na tanga zima kwa upepo wa noti 8 (kama kilomita 15 kwa saa) akakutana na noti 16 hana tatizo lililozidi maradufu. Ana tatizo lililozidi mara nne, na mikono ni ile ile. Ndiyo maana tanga hupunguzwa ufukweni, mashua ikiwa imetulia. Kulipunguza katikati ya mawimbi, mtu mmoja akishika usukani na mwingine akiwa amesimama kwenye mlingoti, ni kazi inayowatupa watu majini.

Kisha kuna dhoruba ya jioni. Upepo wa ziwani unapofika kwenye miinuko ya Nandi na Kericho hulazimika kupanda, mvuke wake hugeuka mawingu, na ikifika alasiri unaweza kuona upande wa mashariki wingu lililosimama kama mnara, chini yake peusi. Wingu hilo mara nyingi hurudi kuelekea ziwani. Hewa baridi inayoporomoka kutoka ndani yake hutangulia mvua, nayo huvuma kutoka mashariki. Kwa hiyo dalili ya hatari kubwa katika ghuba yetu ni utulivu: upepo wa magharibi uliokuwa ukivuma vizuri hufifia ghafla, tanga linalegea, abiria wanafurahi kwamba mawimbi yamepungua, na baada ya dakika chache upepo hupiga kutoka upande wa pili. Angalieni maana yake. Ukipinduka kwa upepo wa mchana, unasukumwa kurudi Kisumu. Ukipinduka kwa upepo wa dhoruba, unasukumwa kuelekea katikati ya ghuba, mvua inaficha ufuko, na giza linakaribia, kwani hapa karibu na ikweta jua likizama hakuna mwanga wa kungojea sana.

Ngurumo hupimwa kwa kuhesabu. Tangu mmweko mpaka sauti, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu sekunde 30 au chini, radi iko ndani ya kilomita 10, na mlingoti wako ndio kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji. Unatakiwa uwe umekwisha kutua tanga na kupanda nchi kavu, na usirudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo. Kwa wale wanaolala kwenye visiwa vya Takawiri au Mfangano na kupenda kuondoka alfajiri, mambo hugeuka: usiku pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa kuu, na dhoruba za huko hupenda usiku na mapambazuko. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria unaoeleza upepo, mawimbi na mvua ya radi. Kuusoma ni kazi ya dakika mbili.

Nilijifunza sehemu ya haya kwa kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kutweka tanga nilitoka alasiri na rafiki yangu, majaketi yote mawili yakiwa yamesokomezwa omoni, yaani mbele ya mashua, chini ya mfuko wa kamba. Upepo ulikuwa mzuri na mkono umenichoka, basi nikaifunga demani, ile kamba ya kuongozea tanga, ili nipumzike. Upepo wa ghafla ulipokuja sikuweza kuifungua. Mashua ililala ubavu, kisha ikageuka chini juu, na ncha ya mlingoti ikajichimbia kwenye tope la ghuba, kwa sababu maji pale yalikuwa mafupi kuliko mlingoti wenyewe. Majaketi tuliyaona yakielea mbali. Rafiki yangu alitaka kuogelea kwenda kwenye mafunjo ya Dunga, ambayo kwa macho yalionekana karibu kabisa. Nilimshika mkono nikakataa kumwachia. Tulikaa juu ya mgongo wa mashua kama saa nzima mpaka wavuvi wawili wakatuona. Mkubwa wao hakuvuta kwa pupa. Aliuvuta mlingoti polepole kwa mshazari ule ule ulioingilia, kwani kuulazimisha kungeuvunja. Alipomaliza aliniambia, "Kijana wangu, kamba ya tanga haifungwi. Hushikwa."

Kuhusu kuiacha mashua, hata mabaharia hodari hukosea. Katika mashindano ya mashua za tanga ya Fastnet ya Agosti 1979, kati ya Uingereza na Ayalandi, dhoruba iliwaua washindani 15. Mashua 24 ziliachwa na mabaharia wake, lakini zilizozama zilikuwa 5 tu. Mgongo wa mashua huonekana kutoka mbali. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani hata kwa mita mia chache. Hapa kwetu kuna gugumaji pia, ambalo upepo hulisukuma kwa wingi, na anayeogelea akilikuta hawezi kulipenya wala kusimama juu yake.

Mtu akianguka majini peke yake, mambo matatu hufanyika kwa pamoja: kitu chochote kinachoelea kinatupwa kwake, mtu mmoja anamnyooshea kidole na haondoi macho wala kidole mpaka apatikane, na nahodha anageuza. Asirudi moja kwa moja akiwa na upepo mgongoni, kwa sababu atapita kwa kasi au ampige. Aende kidogo upepo ukiwa ubavuni, ageuze, kisha amkaribie kutoka chini ya upepo, akiilegeza demani hatua ya mwisho ili mashua isimame yenyewe kando ya mtu. Anayezama kwa kawaida hapigi kelele, maana mdomo wake uko majini, msingoje ukelele. Zoezi hili tunalifanya kwa dumu la lita 20 lililojazwa maji nusu, na bado sijaona mwanafunzi aliyelifikia dumu mara ya kwanza, hata yule aliyeyajibu maswali yangu yote. Maarifa haya hukaa mikononi, na mikono hufunzwa kwa kurudiarudia.

Mengine nitayataja kwa ufupi. Boriti ya chini ya tanga huvunja vichwa upepo wa nyuma unapohama upande, kwa hiyo kila abiria aelezwe aketi chini ya kimo cha boriti hiyo. Kiboko hukaa karibu na matete na maji mafupi. Msimkaribie, wala msipite kati yake na maji yenye kina. Bia na ingoje ufukweni. Simu iwekwe katika mfuko usioingia maji, ndani ya mfuko wa jaketi, kwani simu iliyobaki kwenye begi huzama pamoja na begi, na nambari 112 na 999 hazitakufaa kitu.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wa mwaka wa pili na wa tatu. Mgeni huogopa, huuliza, hukaza mikanda. Aliyetoka mara arobaini bila tatizo huanza kuona kwamba tahadhari ni mambo ya wanafunzi, na hapo ndipo ninapowarudisha kwenye dumu na kwenye zoezi la kupindua mashua kwa makusudi.

Karibu na mlango wa banda letu nimetundika ubao mweusi. Kila anayetoka huandika idadi ya watu, anakoelekea na saa ya kurudi, na mlinzi ana ruhusa ya kupiga simu nusu saa ikipita bila mtu kuonekana. Jumamosi iliyopita mwanafunzi aliyekuwa ameshika chaki aligeuka kabla ya kuandika, akatazama upande wa mashariki, akaniuliza, "Mwalimu, wingu lile limekuwa pale tangu saa ngapi?" Ilikuwa saa tisa kasorobo. Tulikunja tanga, tukakaa bandani tukifanya mazoezi ya kufunga na kufungua mikanda tukiwa tumefumba macho.