Siku kumi za mfungwa

Mama mmoja wa Rungwe aliuza ndama ili apate "hela ya kufungulia rufaa" ya mwanawe aliyekuwa Gereza la Ruanda, hapa Mbeya. Kijana alikuwa amehukumiwa na mahakama ya wilaya. Aliyemdai hela hiyo alikuwa mtu wa mtaani anayejua kuongea kama karani. Mama akihangaika na mnunuzi, siku nazo zilikuwa zinakatika. Inaniuma sana, maana ndama yule hakuhitajika.

Dhana: Bila ada, rufaa haipokelewi.

Rufaa ya jinai haina ada ya kufungulia. Wakili ndiye anayelipwa, na mfungwa anaruhusiwa kujitetea mwenyewe. Asiye na uwezo anaweza pia kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, bila malipo. Ada zipo kwenye kesi za madai: ardhi, deni, fidia. Hata huko, fukara anaweza kuiomba mahakama kibali cha kufungua shauri bila kulipa ada kwanza, nayo itachunguza kama kweli hana kitu.

Dhana: Subirini nakala ya hukumu ndipo muanze.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu kuna hatua mbili. Kwanza, notisi ya kusudio la kukata rufaa, ndani ya siku 10 tangu hukumu. Ni karatasi fupi inayosema tu kwamba hukuridhika, wala haihitaji nakala yoyote. Pili, rufaa yenyewe pamoja na sababu zake, ndani ya siku 45. Muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi huondolewa kwenye hizo 45. Watu husikia hilo la kuondolewa wakadhani linagusa kila kitu, wakaacha zile 10 zipite.

Kesi ikitoka mahakama ya mwanzo, rufaa inakwenda mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30.

Dhana: Lazima ndugu azipeleke karatasi masjala.

Mfungwa humkabidhi mkuu wa gereza, naye ndiye anayezipeleka mahakamani. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinakwenda mbali zaidi: siku ambazo karatasi ziko njiani kati ya gereza na msajili hazihesabiwi dhidi ya mfungwa. Ndiyo maana nawasihi ndugu wanaokwenda kumwona mtu wao wamwulize swali moja: ulikabidhi tarehe ngapi, na tarehe hiyo imeandikwa kwenye karatasi? Na aandike kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama.

Dhana: Aliyechelewa basi tena.

Anaweza kuomba kuongezewa muda. Lakini mahakama hutaka kila siku ya kuchelewa ielezwe, kwa kiapo. "Sikujua sheria" haipokelewi kama sababu. Ugonjwa, kuhamishwa gereza, nakala kucheleweshwa: hayo yakiwa na uthibitisho, yanasikilizwa. Kijana wa Rungwe alianzia hapo.

Dhana: Ukiwa ndani, muda wa kudai haki zako umesimama.

Hausimami. Sheria ya Ukomo wa Muda inamlinda mtoto na mwenye maradhi ya akili, kifungo hakimo. Madai ya mkataba ni miaka 6, madhara kama kupigwa au kukashifiwa miaka 3, ardhi miaka 12. Anayetaka kuishtaki Serikali atoe kwanza notisi ya siku 90. Na shamba la Kyela lililovamiwa mwenyewe akiwa gerezani linahesabiwa miaka yake 12 tangu siku lilipovamiwa.