Kufundisha Imani Sio Kazi ya Mchungaji Peke Yake

Swali tunaloulizwa kuliko yote kwenye idara yetu ya katekesi, yaani mafundisho ya imani, ni hili, hivi mimi muumini wa kawaida, theolojia sijasoma, cheo kanisani sina, nina wajibu gani wa kumfundisha mtu mwingine imani? Na mara nyingi anayeuliza ameshajijibu moyoni, anachotaka ni sisi tumwambie huna wajibu wowote kalale usingizi wako. Bahati mbaya jibu ni unao. Ila namna watu wanavyouelewa huo wajibu ndo shida inapoanzia, ndo maana wengine wanaukimbia na wengine wanauvamia kama ugomvi.

Tuanze na Mathayo 28:19-20, pale Yesu anapowatuma wanafunzi wake, maana kila mtu anaanzia hapo. Neno tunalolipigia kelele ni "enendeni", lakini kwenye Kigiriki neno linalobeba sentensi nzima sio hilo, ni lile la kuwafanya mataifa kuwa wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha vyote vimening'inia kwenye hilo moja. Sasa mwanafunzi humpati kwa hotuba ya dakika 40 na kipaza sauti, mwanafunzi ni mtu unayekaa naye. Halafu soma mwisho wake taratibu, Yesu hakusema wafundisheni yote niliyowaamuru akaishia hapo, kasema kuwafundisha KUYASHIKA. Hako kaneno tunakaruka kama hatujakaona. Mtu anaweza akakutajia vitabu vyote vya Biblia kwa mpangilio bila kukosea hata kimoja, na huku hajasemeshana na ndugu yake wa tumbo moja mwaka wa tatu huu. Huyo kafundishwa kweli, ila kuyashika hakufundishwa.

Kanisa la mwanzo hili walilijua vizuri. Kuna andiko la kale linalohesabiwa kuwa la karne ya 3 hivi, linaloeleza mtu alivyokuwa anaandaliwa kabla ya ubatizo, na linasema asikilize neno kwa miaka 3. Mitatu! Siku hizi tukiweka madarasa ya miezi mitatu watu wanalalamika. Ila andiko hilohilo linasema kama mtu ana bidii muda usihesabiwe, kinachoangaliwa ni mwenendo wake. Na walipofika siku ya kuchaguliwa kwa ajili ya ubatizo hawakuulizwa kwanza maswali ya mafundisho, waliulizwa wameishije, je waliwaheshimu wajane, walitembelea wagonjwa, walitenda mema, na aliyemleta ndo alisimama kumshuhudia. Na kingine ambacho wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka wasome wenyewe, andiko linasema wazi mwalimu wa hao watu anaweza akawa kiongozi wa kanisa au akawa mlei tu. Kwa hiyo hili jambo la walei kufundisha halijaanza jana.

Biblia yenyewe imejaa watu wa namna hiyo. Chukua Matendo 18, Apolo katoka Aleksandria, msemaji hodari, Maandiko anayajua, ila ubatizo alioujua ni ule wa Yohana peke yake. Waliomrekebisha ni nani? Prisila na Akila, mke na mume, mafundi wa kushona mahema. Na walivyomrekebisha ndo mimi napenda zaidi, hawakusimama katikati ya sinagogi kumwambia bwana hapo umekosea, walimchukua pembeni wakamweleza kwa usahihi zaidi. Apolo hakuaibika, akaendelea na kazi akawa msaada mkubwa. Naifikiria sana hiyo habari kila nikiona waumini wanavyosahihishana mitandaoni, mtu kakosea aya moja tu anashukiwa na watu mia kama kaiba.

Filipo nae, yule wa Matendo 8, hakuwa mmoja wa mitume 12, alikuwa kwenye wale saba waliochaguliwa kuhudumia mezani. Anamkuta mweka hazina wa malkia wa Kushi kwenye gari lake anasoma Isaya kwa sauti. Neno la kwanza la Filipo ni swali, je yamekuelea haya unayosoma? Hakuja na somo lake mfukoni. Alisubiri aambiwe mtu anasoma wapi na amekwama wapi, akapanda akakaa naye, akaanzia palepale kwenye andiko lile. Sisi wengi tunafanya kinyume chake, tunakuja na pointi zetu tano tumezikariri, mtu anauliza kwa nini mama yangu alikufa na niliomba, wewe unamjibu kuhusu siku za mwisho. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu katika makala hii basi liwe hilo, uliza kwanza, na ukishauliza nyamaza usikie.

Halafu kuna upande ambao wenye moto sana hawapendi kuusikia. Yakobo 3:1 anasema msiwe waalimu wengi, mkijua kwamba tutapata hukumu kubwa zaidi. Sasa inakuwaje, Yesu anasema fundisheni na Yakobo anasema msiwe wengi? Hazigongani. Yakobo anaongea na watu waliokuwa wanakitaka kile kiti, ule uheshimiwa wa kuitwa mwalimu, na ukiendelea kusoma sura yote anazungumzia ulimi unavyowasha msitu. Wajibu wa kushirikisha imani ni wa wote, ila kusimama kama mwalimu wa kanisa mbele ya watu kunataka maandalizi, kupimwa na kuwa chini ya usimamizi wa wengine. Mtu kaokoka Jumapili, Jumatano kafungua chaneli anafafanua Ufunuo, hapana jamani.

Na 1 Petro 3:15 inatuambia tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Atuulizaye. Maana yake maisha yako yanatakiwa yawe na kitu kinachomfanya mtu aulize. Kumlazimisha mtu, kumtisha, kumpa msaada wa chakula au ada kwa sharti la kuja ibadani, kumwinda mtoto wa jirani bila wazazi wake kujua, hayo sio kufundisha imani hata kama una nia nzuri, na madhara yake mtu anayabeba miaka mingi. Kutuma aya 30 kwenye grupu kila alfajiri nako sikuiti kufundisha, sikatazi, ila usijihesabie kwamba umemaliza.

Tukija nyumbani ndo kugumu zaidi. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwambia mzazi ayanene maneno ya Mungu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo, yaani mazungumzo ya kawaida tu ndani ya siku, hamna darasa hapo. Timotheo imani yake Paulo anaitaja kwamba ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mwaka 1528 Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa, alipozunguka kwenye sharika za Saksonia kule Ujerumani alishtuka kukuta watu wamebatizwa, wanakula meza ya Bwana, na hawaijui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine walikuwa hawana la kufundisha. Mwaka uliofuata akatoa katekisimu ndogo, yaani kijitabu cha mafundisho ya imani kwa maswali na majibu, na kwenye vichwa vya sehemu zake kaandika kwamba hivi ndivyo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Hakuanza na askofu, kaanza na baba mezani kwake. Sande skuli nayo ilivyopata umaarufu kule Gloucester, Uingereza, mwaka 1780 kwa juhudi za Robert Raikes, walengwa walikuwa watoto maskini waliokuwa kazini siku nyingine zote, wanapata Jumapili tu ya kujifunza kusoma. Haikuletwa ili mzazi aliyeko nyumbani apumzike, ila ndo tulivyoigeuza, unamfikisha mtoto mlangoni unarudi kumchukua saa sita, ukimuuliza mmejifunza nini anasema tumeimba, basi imetosha.

Wengine hawaogopi, wamechoka tu. Umemweleza mtu habari ileile ya mwana mpotevu mara ya mia na moyo wako mwenyewe hausikii kitu. Kama mwaka 400 hivi shemasi mmoja wa Karthago, Afrika Kaskazini, anaitwa Deogratias alimwandikia Augustino, askofu wa Hipo, analalamika hichohicho, kwamba akifundisha wapya anajiona anachosha na yeye mwenyewe amejichoka. Jibu la Augustino lina mambo ya kawaida kabisa, kwa mfano msikilizaji akianza kupiga miayo umtafutie pa kukaa kama amesimama, umchangamshe kidogo, ufupishe. Ila kwa mwalimu aliyechoka akampa mfano wa mtu anayemtembeza mgeni sehemu nzuri ambazo yeye mwenyeji anazipita kila siku bila kugeuka, kumbe kwa kumwona mgeni anavyoshangaa, na yeye anaanza kuziona upya. Nimefundisha miaka mingi na naweza kusema hilo ni kweli kabisa, swali la mtu mpya limeniamsha mara nyingi kuliko vitabu.

Na yule anayeogopa kwamba ataulizwa asilolijua, utaulizwa tu, zoea. Sema sijui, nitaenda kuuliza, tukutane tena wiki ijayo, halafu kweli uende ukaulize na kweli urudi. Watu hawaachi imani kwa sababu mtu aliwaambia sijui, wanavunjika moyo zaidi na jibu la kubuni ambalo baadae wanakuja kugundua halikuwa kweli.

Kama unataka pa kuanzia, mimi huwa nawaambia watu wachukue Injili ya Marko, ndo fupi kuliko zote nne, sura 16, sura moja kwa wiki mnaimaliza ndani ya miezi minne hivi. Mtu mmoja au wawili wanatosha. Msome kwa sauti, kwa zamu, halafu kila mtu aseme kitu kimoja kilichomshangaza na kimoja ambacho hajakielewa. Usijibu vyote siku hiyohiyo. Mkifika sura ya 4 kwenye mfano wa mpanzi mtakuta hata wale waliotembea na Yesu walibaki nyuma kumuuliza maana yake, naye akakaa akawaeleza.